Aliyekatwa kwenye korosho anaijua serikali kuliko aliyekariri

Mtihani wa uraia wa Marekani umebadilika na ndugu zetu walioko kule wanahaha. Aliyepeleka fomu kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 anasoma maswali 100, ofisa anamuuliza mpaka 10, akipata 6 kapita. Aliyepeleka kuanzia tarehe hiyo ana maswali 128, anaulizwa mpaka 20 na lazima apate 12, ukifikisha 12 ofisa anaacha kuuliza na ukikosa 9 pia anaacha, hapo imekula kwako, utaitwa mara nyingine moja baada ya siku 60 mpaka 90 na ukichemka tena unaanza upya na ada juu. Mtihani wenyewe ni wa mdomo, mmekaa mnatazamana, kwa Kiingereza, hakuna a b c d za kubahatisha kama tulivyozoea.

Mdogo wangu yuko Houston, anaendesha lori, na mimi ndo nimepewa kazi ya kumuuliza maswali. Saa kumi na moja alfajiri ya huku Mtwara kule ni saa tatu usiku, katoka kazini, kala, yuko fresh, mi ndo bado nina usingizi, basi naanza kumpiga maswali moja baada ya lingine. Na katika kumuuliza huko nimeona kitu ambacho kinatuhusu sisi tuliobaki Mtwara na Lindi kuliko hata kinavyomhusu yeye, ndo maana naandika.

Kwanza niseme ukweli, huu mtihani mi naupenda. Watu wanausema ni wa kukariri, sawa, ni wa kukariri, lakini sisi watu wa pwani tumekulia chuoni tunakariri kabla hatujajua maana na hakuna aliyekufa. Ninachokipenda ni kwamba serikali imeweka maswali yote na majibu yote mezani, bure, kila mtu anasoma. Hakuna kuvizia. Mtu wa yale maswali 100 asiyejua Katiba ni nini anajua kabisa siku ya siku anaweza kuulizwa sheria kuu ya nchi ni ipi, ataulizwa Maseneta wako wangapi (100) na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wenye kura wako wangapi (435), Katiba imefanyiwa marekebisho mangapi (27), na yale 10 ya mwanzo yanaitwaje. Nchi imekaa chini ikasema, sisi tunaona raia lazima ajue haya. We unaweza ukabishana na orodha yao lakini orodha ipo.

Sisi tuliozaliwa huku hatujawahi kuulizwa chochote, na wala hao Wamarekani waliozaliwa kule hawaulizwi, ukizaliwa umefaulu. Mtihani ni wa wageni tu.

Sa turudi kwa dogo. Kuna maswali anayapata akiwa anatafuna na kuna maswali kila siku yanamtoka. Nikimuuliza nini kinazuia muhimili mmoja usiwe na nguvu kupita mingine anaanza kuhema, mara aseme Katiba, mara aseme Mahakama, jibu ni kule kudhibitiana kwa mihimili na ameshalisoma hilo mpaka limechoka. Lakini muulize siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi ya serikali kuu, anakujibu kabla hujamaliza, Aprili 15, na anaongeza mwenyewe matusi kidogo. Muulize wanaume wa umri gani lazima waandikishwe kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, anajua, 18 mpaka 25, kwa sababu alijaza ile fomu mwenyewe na aliogopa kweli. Muulize uchaguzi wa Rais unafanyika mwezi gani, Novemba, anajua kwa sababu mwezi huo barabarani mabango yanamziba mpaka vibao vya njia.

Yaani kilichomgusa kimeganda na kilichobaki kitabuni kinateleza. Na usidhani ni uvivu wa dogo. Hivi ndo watu wanavyoijua serikali, kokote kule.

Kuna kitu kingine kinamkwamisha, hiki ni cha kwetu kabisa, ni ile Civics ya fomu foo. Sisi tumefundishwa mihimili mitatu, Serikali, Bunge, Mahakama, na Marekani nao wana mitatu, kwa hiyo anaona kama ni kitu kilekile. Sio. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge, yaani Rais mwenyewe ni sehemu ya Bunge. Ibara ya 55 inasema mawaziri wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Kwa hiyo mtu wa Tandahimba anamuona mbunge wake ni waziri na anaona ni baraka, jimbo limepata mkubwa. Kule haiwezekani, huwezi kukaa Bunge lao na ukawa waziri kwa wakati mmoja, Marco Rubio alipopewa uwaziri wa mambo ya nje Januari 2025 ilibidi aachie useneta. Dogo alipoulizwa Baraza la Mawaziri la kule linafanya nini alianza kunieleza habari za kutunga sheria, nikamwambia hapo umejibu la Bunge la Dodoma, wao kazi yake ni kumshauri Rais basi.

Na gavana. Kuna swali linataka umtaje gavana wa jimbo lako wa sasa hivi, jibu linabadilika kutegemea unakaa wapi na uchaguzi umetoa nani. Dogo kichwani mwake alimuweka gavana sawa na mkuu wa mkoa. Ukiangalia juujuu ni kweli, wote wawili ndo wakubwa wa eneo, wana ving'ora, wana msafara. Lakini gavana wa Texas kapigiwa kura na watu wa Texas na wakimchoka wanamtoa kwa kura. Mkuu wa mkoa wa Mtwara au wa Lindi hatumpigii kura, anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya vilevile, mkurugenzi wa halmashauri vilevile. Mtendaji wa kijiji na wa kata ni waajiriwa. Tunaowachagua ni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji au mtaa na wajumbe wake, diwani, mbunge, Rais. Sa angalia tunavyofanya tukiwa na shida. Zahanati haina dawa, barabara ya Nanyamba haipitiki, watu wanasubiri mkuu wa mkoa apite wanyooshe mikono juani, wakati diwani aliyewaomba kura kwa magoti yupo hapo nyuma kavaa miwani anapiga makofi na yeye. Hatumuulizi diwani kitu. Mi hili linaniuma kuliko mtu kutojua rangi za bendera zina maana gani.

Maana sisi tunajua sana majina ya juu. Ukija kijiweni pale Mtwara mjini wakakuchambulia baraza la mawaziri utadhani wanakaa humo. Mkapa wa Lupaso kashika nchi miaka 10, Majaliwa wa Ruangwa kashika uwaziri mkuu miaka 10, kwa hiyo siasa za juu tunaziona kama za nyumbani. Waulize haohao mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe mara ngapi kwa mwaka. Kimya. (Ni kila baada ya miezi mitatu.) Waulize halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi, kati ya 15 na 25, kimya.

Lakini hapa ndo nataka nibishane na wale wanaosema watu wa kusini hawana elimu ya uraia, maana nimesikia sana hiyo, hasa baada ya vurugu za gesi za 2013. Kaa na mkulima wa korosho wa Newala ambaye hajamaliza la saba. Atakwambia bei ya mnada, atakwambia chama kikuu kimechukua shingapi kwenye kilo, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) shingapi, usafiri shingapi, ghala shingapi, mfuko wa elimu shingapi, mpaka mwisho anakupa ile inayoingia benki na hajashika kalamu. Atakueleza stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuuza kwa mnada, iliyoanza msimu wa 2007/2008 ilikuja kumtoa kwenye mikono ya nani, na kangomba, ile ya kuwauzia walanguzi nje ya mnada, ni nini na kwa nini haiishi hata ipigwe marufuku namna gani, kwa sababu njaa ya mwezi wa sita na wa saba haisubiri mnada wa Oktoba, mtu anauza ua likiwa bado mtini. Huyo anajua sera, anajua kodi, anajua usimamizi wa ushirika. Mlete profesa wa siasa akae naye uone nani atatoka anajifuta jasho. Ila ukimpa karatasi ukamwambia taja mihimili ya dola anapata sifuri na unarudi mjini unaandika ripoti kwamba uelewa ni mdogo.

Elimu ya uraia ya huku inaanzia juu, inaanza na nembo ya taifa na muundo wa Muungano, inashuka ngazi taratibu na muda unaisha kabla haijafika kijijini. Kama ningekuwa natunga mimi ningeanza na karatasi ya malipo ya korosho. Kila mstari wa makato una mtu aliyeuamua na kikao kilichoupitisha. Mstari huu umepitishwa na mkutano mkuu wa AMCOS yenu, ulikuwepo? Huu umetoka chama kikuu. Huu ni ushuru wa halmashauri, upo kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa, Bunge liliushusha 2017 kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara, na kisheria wa kuulipa ni mnunuzi sio wewe. Mtu akimaliza karatasi hiyo moja kaimaliza serikali yote kuanzia kijijini mpaka Dodoma na hatasahau mpaka anaingia kaburini.

Na hata dogo nilimsaidia hivyohivyo. Kwenye lile swali la mihimili kudhibitiana nilimwambia achana na Washington, fikiria AMCOS ya mzee. Mkutano mkuu wa wanachama ndo unapanga, bodi na meneja ndo wanatekeleza, afu kuna kamati ya usimamizi ambayo kazi yake ni kukagua bodi, na mwaka ule bodi ilivyotaka kuleta janja kwenye hela za sulfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ni kamati ya usimamizi ndo iliyokaza. Akacheka, akasema kumbe. Tangu siku hiyo halimtoki. Haiendani moja kwa moja najua, mahakama yao haiko pale, lakini kichwa kimepata pa kushika.

Ila sasa. Kujua kinachokugusa mfukoni kuna mwisho wake, na huo mwisho sisi tumeshaufikia mara mbili kwa maumivu, na hapa ndo naona hata mkulima wangu wa Newala anapigwa chenga.

Chukua 2018. Korosho ghafi ikitoka nje ya nchi ilikuwa inatozwa ushuru wa mauzo ya nje, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa. Kwa sheria ya korosho ilivyokuwa, asilimia 65 ya hela hiyo ilitakiwa irudi kwenye zao lenyewe, pembejeo, utafiti wa kituo cha Naliendele, ubanguaji, na 35 ndo iende hazina. Juni 2018 ukaja muswada wa sheria ya fedha, ukabadilisha, hela yote iende mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele humo ndani kweli, ikapita. Huku vijijini watu wengi walikuja kuisikia kwa ukubwa wake pale sulfa ilipoanza kuwa shida, na kuanzia mwezi wa kumi mwaka huohuo bei ikagoma, wanunuzi wakashuka chini ya 3,000 kwa kilo, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua kwa 3,300 na jeshi likaingia kubeba. Hayo ya jeshi kila mtu anayakumbuka, malori ya kijani yalivyojaa barabara ya Masasi. Ya Juni hayakumbukwi. Mi naona ya Juni ndo yaliyokuwa makubwa.

Kwa nini yalitupita? Angalia miezi. Korosho tunauza Oktoba mpaka Januari, hapo ndo kila mtu masikio yako wima, anajua kila shilingi. Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Aprili mpaka Juni mkulima yuko shambani, anapalilia, anapulizia, hela imeisha, wala hana habari na Dodoma. Sheria inayomhusu inapikwa wakati yeye hayuko jikoni, akirudi Oktoba anakuta chakula kimeshapakuliwa. Halmashauri nayo bajeti yake inaipanga mwanzoni mwa mwaka, na kijiji kinatakiwa kipeleke vipaumbele kabla ya hapo, yaani katikati ya minada, wakati ambao mkutano wa kijiji ukiitishwa watu wako ghalani.

2013 ni kinyume chake na ndo maana naona inasemwa vibaya. Bomba la gesi la kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Watu walianza kuandamana mwishoni mwa Desemba 2012, gesi haitoki, gesi haitoki. Lakini yale makubwa yalitokea lini? Tarehe 22 Mei, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini inasomwa bungeni. Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Hivi mtu asiye na elimu ya uraia anajua siku ya bajeti ya wizara moja? Mtwara siku ile ilikuwa inajua kuliko mji wowote nchini kwamba bajeti ndo mahali uamuzi unapogeuka hela na hela ikishapita hairudi. Walijua siku. Walichokosa ni mlango, maana ikishafika siku ya hotuba, kamati imeshakaa, mkataba umeshasainiwa, kilichobaki ni kusoma na kupiga kura. Ikaishia watu kufa, nyumba na ofisi kuchomwa, wanajeshi mtaani, na bomba likajengwa vilevile likazinduliwa 2015. Sitetei kuchoma, aliyechomewa nyumba yake alikuwa ni ndugu yetu na yeye. Nasema tu ukiwaita wale watu wajinga umekwepa swali, swali ni kwamba aliyetaka kusema kitu kuhusu lile bomba kistaarabu alitakiwa aseme wapi, kwa nani na mwezi gani, na nani aliwahi kumwambia.

Kwa hiyo mi orodha yangu ya maswali ingekuwa ya tarehe zaidi kuliko ya majina. Marekani wenyewe ukiangalia yale maswali 100 wameweka chache, mwezi wa kupiga kura, siku ya kodi, na ndo hizo dogo anazozishika bila kulazimishwa. Kamati ya bajeti ya Bunge inaita wadau watoe maoni kwenye muswada wa fedha, hiyo inakuwa Juni, inatangazwa, vyama vikuu vya ushirika vya huku, TANECU na MAMCU na RUNALI, vinaweza kupeleka maandishi, na mwanachama ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa chama mwaka huu tumepeleka nini. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nenda siku moja uone viti vya wananchi vilivyo vitupu, utakuta waandishi wawili na mtu aliyekuja kukwepa jua.

Upande wa wajibu nako kuna jambo. Wamarekani wanataka utaje wajibu wa raia tu, dogo anasema kupiga kura kwenye uchaguzi wa nchi, na kukaa mahakamani ukiwa mmoja wa wananchi wanaoamua kama mtuhumiwa ana hatia, sio kama wale wazee wa baraza tuliowazoea ambao wanamshauri tu jaji. Huku ukimuuliza mtu wajibu wa raia atakwambia kulipa kodi, kutii sheria, kulinda nchi, ile ya mwalimu. Iko sawa, wajibu uko kwenye Katiba ibara ya 25 mpaka ya 28. Ila isome ya 27 mpaka mwisho, inasema pia watu wapige vita uharibifu na ubadhirifu wa mali ya umma. Ni wajibu huo, haujaandikwa kama hisani. Kwa hiyo yule bibi wa Kitangari anayesimama kwenye mkutano anauliza hela ya choo cha shule imeenda wapi, afu mwenyekiti anamwambia bibi kaa chini unaleta siasa, bibi ndo anayetimiza Katiba na mwenyekiti ndo anayeizuia. Hili sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote, semina zote ni amani na utulivu na soda.

Na kuna watu hapahapa kwetu ambao huu uraia kwao sio swali la mtandaoni. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Mueda na Nangade miaka ya 60 baada ya yale mauaji ya Mueda ya 1960, na zaidi vita vilivyoanza 1964, FRELIMO wakiwa na kambi yao Nachingwea, wengine wakarudi 1975 nchi yao ilipopata uhuru na wengine wakabaki, wakaoa, wakapanda mikorosho. Wapo Newala, Tandahimba, Nanyumbu, wapo mpaka Mtwara mjini. Sheria ya uraia ya 1995 inataka mgeni anayeomba awe amekaa nchini mwaka mzima mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya huo awe amekaa jumla isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema. Mzee aliyekaa hapa tangu utoto kakaa hiyo miaka mara ngapi! Tatizo linakuwa karatasi na ada, na kuogopa, mtu anaona akienda Uhamiaji kuomba ni kama kujisalimisha.

Sa huyu mzee kwenye mkutano mkuu wa kijiji ni mjumbe halali, sheria inasema mkazi wa kawaida mwenye miaka 18, ukazi tu. Anachangia darasa, anaenda msaragambo, AMCOS inamkata kama inavyotukata. Kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji haruhusiwi, hapo panatakiwa raia, Novemba 27, 2024 kuna wazee walikaa barazani wakaangalia wenzao wanapanga foleni. Ukimpa mzee huyu mtihani wa serikali ya kijiji atakupiga mbali wewe mwenye kitambulisho cha NIDA, kwa sababu mtu ambaye hajahakikishiwa nafasi yake anasikiliza kila neno kwenye mkutano.

Dogo atafaulu, sina wasiwasi. Ana maswali kama 9 yanayomsumbua, yale ya historia ya vita zao, na swali la watu gani walipelekwa Amerika wakauzwa utumwani analijibu haraka mno kwa mtu aliyezaliwa Kilwa Kivinje, bandari ya zamani ya watumwa, anasema Waafrika afu anataka tuhamie lingine. Siku akiapa anaahidi kuacha utii kwa nchi nyingine yoyote, hilo nalo limo kwenye maswali, na kwa sheria yetu mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine wa kwetu unakoma papohapo, uraia pacha hakuna. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikamfungia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ndo maana watu wa diaspora walililia hadhi maalum miaka mingi. Mikorosho ya mzee kule Kilwa iko kwa jina la dogo nusu. Nimemwambia kabla hajapanda kwenye kile kiapo atume barua kwa halmashauri ya kijiji kuhusu lile shamba, kikao chao kinachofuata ni mwezi ujao na mtendaji kasema ajenda zinafungwa wiki moja kabla.